Glasi nne za mvinyo mwekundu na historia ya rodeo: ng'ombe na mzabibu vilivyoingia Magharibi ya Marekani kwa mlango mmoja

Mkata Mbuga (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Nipo Houston, Texas, mwaka wa kumi na moja sasa. Kila mwaka, kabla maonyesho makubwa ya mifugo na rodeo (mashindano ya kauboi ya kupanda farasi wakorofi na mafahali, na kurushia ng'ombe tanzi) hayajafunguliwa, misafara ya farasi huingia mjini kutoka pande zote za jimbo. Watu wamekuwa njiani siku kadhaa, wamelala maporini, na nyuma yao yanakuja mabehewa ya kukokotwa kama ya zamani. Mmoja ni msafara wa Prairie View, wa waendesha farasi weusi, unaokuja tangu 1957. Siku nilipouona mara ya kwanza nilikuwa nimesimama ukingoni mwa barabara, polisi wamezuia magari. Akapita mzee mweusi, kofia pana, ndevu zimekuwa pamba, hatamu ameishika kwa vidole viwili tu, na farasi wake mwekundu anakwenda kama maji yanayoteremka. Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video Mwananyamala, kauboi nimewatazama hadi nikawachoka. Sikumkumbuka hata mmoja aliyefanana na yule mzee. Jioni ile ile nikaanza kusoma, na sijaacha mpaka leo.

La pili lililonishangaza: rodeo hiyo hiyo ya Houston ina mashindano ya kimataifa ya mvinyo, tangu 2004, na mvinyo unaowapiku wote unazawadiwa tandiko la farasi. Si kikombe, ni tandiko. Nilidhani ni mapambo ya watu wenye fedha. Nimekuja kuelewa kwamba katika nchi hii tandiko na zabibu ni ndugu wa tumbo moja, na hilo ndilo nililokuja kulieleza hapa.

Mwezi huu niliwaalika nyumbani watu wanane: Watanzania, Wakenya wawili, na ndugu mmoja wa Lubumbashi. Nilifungua chupa nne, na kila chupa nikaipa kipande chake cha historia. Wawili kati yao hawatumii kilevi, wakakaa na juisi ya zabibu, na ndio walioniuliza maswali mazito kuliko wengine. Kwa hiyo msiokunywa msikimbie, uzi huu ni wenu pia.

Kwanza namna ya kuonja, maana wengi wetu tumezoea kumimina na kushusha. Weka kidogo, robo ya glasi haifiki. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe utazame rangi ya ukingoni. Izungushe taratibu ili harufu ipande, kisha ingiza pua kabisa, usione haya. Piga funda moja, litembeze mdomoni kama unasukutua. Ukitaka kutema, tema kwenye kopo, ndivyo waonjaji wa kazi wanavyofanya. Tafuta mambo mawili. Moja ni uchachu, ule unaokutoa mate pembeni mwa ulimi. Jingine ni ukakasi. Aliyewahi kuuma bibo la korosho au ndizi mbichi anaujua: fizi zinakunjamana, ulimi unakuwa kama kitambaa. Huo ukakasi unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na ndio uti wa mgongo wa mvinyo mwekundu. Halafu msinywe mwekundu wa moto. Inaposemwa "joto la chumba" wanakusudia chumba cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Houston, kama cha Dar, si hicho. Nilizitia chupa zote kwenye friji nusu saa kabla ya wageni kufika.

GLASI YA KWANZA: PAÍS

Hii imetoka Chile. Rangi yake ni nyepesi, ukingoni unaona vidole vyako ng'ambo, kama juisi ya choya iliyoongezwa maji. Pua inakupa choya kavu, na nyuma yake vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza. Ukakasi upo kidogo tu, unagusa na kuondoka. Mgeni mmoja alisema, "Huu mbona hauna makuu?" Ni kweli, hauna. Ila huu ndio mzabibu mzee wa mabara yote mawili ya Amerika.

Wahispania waliuchukua kwao, ambako unaitwa Listán Prieto. Mexico na California ukaitwa Mission, Argentina ukaitwa Criolla Chica, Chile ukaitwa País. Kwa muda mrefu watu hawakuwa na hakika asili yake ni ipi, mpaka mwaka 2007 watafiti wa Hispania walipothibitisha kwa DNA kwamba Mission ni Listán Prieto yenyewe. Aliyeueneza ni padri, kwa sababu hakuna Misa bila divai. Kule New Mexico watawa walipanda mizabibu mapema kama 1629, kando ya mto Rio Grande, katika kijiji cha Wapiro, wenyeji wa pale, kiitwacho Senecú. California walifika baadaye: Junípero Serra alianzisha misheni ya San Diego mwaka 1769, na kufikia 1823 misheni zilikuwa 21 zimepangana kuelekea kaskazini.

Sasa sikilizeni. Misheni hizo hizo ndizo zilizoleta ng'ombe. Padri alikuja na vijiti vya mzabibu mkono mmoja na mtamba mkono wa pili. Na kazi zote mbili alifanya nani? Wenyeji wa nchi, waliobatizwa kisha wakazuiwa kuondoka. Wao ndio waliokanyaga zabibu kwa miguu. Wao ndio waliopandishwa farasi kuchunga, ingawa sheria za kikoloni za Kihispania ziliwakataza wenyeji kupanda farasi. Mifugo ilipozidi, katazo likapinda lenyewe, maana padri mmoja hawezi kuchunga maelfu. Kauboi wa kwanza wa California, kwa hiyo, alikuwa mwenyeji wa pale. Ng'ombe walichinjwa kwa ajili ya ngozi na shahamu, na ngozi zilizagaa katika biashara kiasi kwamba mabaharia waliziita "noti za California".

Neno rodeo linatokana na *rodear*, yaani kuzunguka, kuzingira. Halikuwa mchezo hata kidogo. Malisho hayakuwa na uzio, ng'ombe wa matajiri kumi walichanganyika, basi mara moja kwa mwaka wachungaji waliwazingira wote pahala pamoja. Ndama alitambulika kwa mama anayemfuata, akarushiwa tanzi, akapigwa chapa ya moto ya mwenye mama. Palipokuwa na ugomvi waliamua wazee walioitwa majaji wa nyanda. Hata baada ya California kuwa jimbo la Marekani, sheria ya mwaka 1851 ilimtaka mfugaji aitishe rodeo yake kila mwaka.

Maneno nayo yanatoa ushahidi. *Vaquero* akawa buckaroo, *la reata* ikawa lariat, *chaparreras* zikawa chaps, zile suruali za ngozi za kukingia miiba. Ni kama sisi tulivyochukua meza na leso kwa Mreno: Mreno ameondoka, meza imebaki. Na ukirudi nyuma zaidi unakutana na Afrika. Mpanda farasi kwa Kihispania ni *jinete*, neno lililotokana na Zenata, Waberberi wa Afrika Kaskazini, waliopanda kwa vikuku vifupi (vile vya kutilia miguu kwenye tandiko) na magoti yaliyokunjwa ili farasi ageuke upesi. Waislamu wa kule walivuka kuingia Hispania mwaka 711, wakaacha upandaji wao, nao ukavuka bahari na Wahispania hadi Mexico. Nilipolisema hili mezani, ndugu wa Lubumbashi aliweka glasi chini akaniambia nilirudie.

Kisiki cha Mpingo

Natia kambi hapa. Mkuu, swali la haraka kabla hujaendelea: kauboi na mvinyo wapi na wapi? Hawa si watu wa wiski?

Mkata Mbuga

Ndugu Kisiki, uko sahihi kwa kauboi wa safari ndefu za Texas. Yule alikunywa kahawa nzito njiani, na wiski akifika mjini. Sidai kwamba alibeba chupa ya mvinyo kwenye tandiko. Ninachosema ni kwamba shamba lililozaa ufundi wake ndilo lililozaa mvinyo wa Magharibi. Na ukienda Chile jambo hili halihitaji hata maelezo. Kule rodeo ni mchezo wa taifa tangu 1962. Wapanda farasi wawili, *huaso*, wanamsukuma ng'ombe kwa kifua cha farasi na kumbana ukutani ndani ya uwanja wenye umbo la mwezi mchanga, na fainali za taifa huchezwa Rancagua, katikati ya mabonde ya mizabibu.

GLASI YA PILI: ZINFANDEL

Hapa rangi inakolea, inakuwa zambarau. Harufu ya matunda yaliyopikwa na sukari, pilipili manga, na kilevi kinapanda puani, maana Zinfandel hufika asilimia 15 bila shida. Niliipenda kuliko wageni wangu walivyoipenda. Wamarekani wengi wanauona huu ndio mzabibu wao hasa. Ulipata umaarufu California baada ya mbio za dhahabu za 1849, na kwa zaidi ya miaka mia ukaaminika kuwa ni wa pale pale. Mwaka 2001 DNA ikaufichua: ni Crljenak Kaštelanski, mzabibu wa pwani ya Kroatia, na kule kwao yalikuwa yamebaki mashina machache tu.

Nimeupanga na sehemu ya pili ya historia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hata kwa kauboi. Alichukuliwa kwa Mmexico, akavishwa nguo mpya, akatangazwa kuwa mzaliwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe mamilioni wasio na soko, na miji ya kaskazini ilikuwa na njaa ya nyama. Kuanzia 1867 waliswagwa kwenda Abilene, Kansas, kwenye reli. Safari ya miezi, mito isiyo na madaraja, usiku zamu kwa zamu mtu anawaimbia ng'ombe ili wasishtuke. Wanahistoria wanakadiria karibu mmoja kati ya kila kauboi wanne alikuwa mweusi. Wengi walijifunza kazi hiyo utumwani, maana bwana alipokwenda vitani wao ndio waliobaki na mifugo. Weka na Wamexico na wenyeji humo, ndipo upate picha ya kundi lilivyokuwa.

Watu wa namna hiyo wakikutana, lazima watabishana nani fundi. Tarehe 4 Julai 1869, pale Deer Trail, Colorado, kauboi wa mashamba mbalimbali walipimana kwa kupanda farasi wakorofi. Alishinda Emilnie Gardenshire, zawadi ikawa suti. Miji mingine nayo inadai uzaliwa wa kwanza: Pecos, Texas kwa mwaka 1883, na Prescott, Arizona kwa 1888. Ugomvi huo siuingilii.

Kisha ikaja seng'enge. Joseph Glidden alipata hataza yake mwaka 1874, na katika miaka michache nyanda zikakatwa vipande. Reli ikasogea, safari ndefu zikafa, na vijana wenye ufundi wa ajabu wakabaki hawana pa kuutumia. Mwaka 1882 Buffalo Bill Cody aliandaa sherehe ya mashindano North Platte, Nebraska, na mwaka uliofuata akaanza kuzunguka na onyesho lake. Mji wa Cheyenne, Wyoming, ukafuata na rodeo yake 1897. Kazi iliyokufa malishoni ikauzwa tiketi uwanjani, na nadhani ndiyo sababu rodeo ina huzuni fulani hata watu wanaposhangilia.

Nyuki wa Tabora

Asante kwa somo mkuu. Ila mimi kwetu ni wafugaji na huwa napata shida na hii kitu. Farasi anafungwa mkanda tumboni mpaka anaruka kama mwenye wazimu. Hayo si mateso?

Mkata Mbuga

Ndugu Nyuki, swali la haki, na mimi sina jibu moja kwa yote. Mkanda ule unapita ubavuni mbele ya miguu ya nyuma, una manyoya ya kondoo, haufungwi sehemu za siri kama wengi wanavyoamini. Unamkera mnyama, anatupa teke zaidi. Farasi na mafahali wale wamezalishwa kizazi baada ya kizazi kwa kuruka, na alama za mnyama ni nusu ya alama zote, hivyo mwenye naye anamtunza kama mali ghali. Hapo naweza kukaa nikatazama. Lakini kurushia tanzi ndama anayekimbia, kamba ikamkaza shingoni akaanguka, hapo huwa natazama chini. Sipendi, na nimewaambia hata rafiki zangu wa Texas. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1934 ambayo kwa vitendo iliifukuza rodeo nchini mwao. Tunakotoka sisi mchungaji humkamata ndama kwa mkono, na naamini hilo ndilo linalotufanya tushtuke.

GLASI YA TATU: TANNAT

Hii ndiyo niliyoingoja usiku kucha. Tannat ni mzabibu wa Madiran, kusini magharibi mwa Ufaransa. Uruguay waliupokea katika karne ya 19 wakaufanya wao, na siku hizi unalimwa hata Texas. Ni mweusi tititi, ukiinamisha glasi huoni kitu ng'ambo. Na unauma. Mdomo mzima unabanwa kama umetafuna mabibo kumi. Watu walikunja nyuso wote. Nikawapa kipande cha nyama ya ng'ombe yenye mafuta, wakatafuna, wakanywa tena, na mvinyo ule ule ukawa umelegea. Nyama hushikana na ule ukakasi kabla haujafika fizi zako. Mkifanya hivi nyumbani, achaneni na pilipili siku hiyo, maana pilipili na ukakasi vikikutana mdomo unawaka.

Nilichagua mvinyo unaouma kwa heshima ya Bill Pickett.

Pickett alizaliwa Texas Desemba 1870, wazazi wake walitoka utumwani. Akiwa kijana aliona mbwa wa wachungaji wanavyomtuliza ng'ombe mkubwa kwa kumng'ata mdomo, basi naye akajaribu. Alichokuja kufanya ni hiki: anakimbiza farasi wake Spradley sambamba na maksai, anajirusha kutoka tandikoni, anashika pembe, anapindua shingo mpaka pua ya maksai inatazama juu, kisha anauma mdomo wa juu wa yule mnyama, anaachia mikono yote miwili na kujitupa nyuma. Maksai mzima anaanguka naye. Aliungana na onyesho la 101 Ranch la Oklahoma akazunguka nalo dunia. Mashindano mengi hayakumtaka mtu mweusi, na pengine alitangazwa kuwa Mwindi Mwekundu au Mmexico ili apate kuingia. Alifariki Aprili 1932, baada ya kupigwa teke la kichwa na farasi.

Mwaka 1971 alikuwa mweusi wa kwanza kuingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Rodeo. Halafu posta ya Marekani ikaandaa stempu ya kumkumbuka, stempu zikachapwa, na mwishoni ikagundulika kwamba sura iliyowekwa si yake, ni ya ndugu yake Ben. Zikaitwa zirudi, zikachapwa upya. Mtu aliyebuni mchezo mzima unaochezwa mpaka leo katika kila rodeo, ingawa siku hizi bila kuuma, na nchi yake haikuwa na hakika na uso wake.

Na mwaka 1911, Pendleton, Oregon. Fainali ya farasi wakorofi ilibaki na watu watatu: Jackson Sundown wa kabila la Nez Perce, George Fletcher aliyekuwa mweusi, na John Spain aliyekuwa mzungu. Umma uliokuwepo uliona Fletcher ameshinda. Waamuzi wakampa Spain. Kelele zikalipuka, na afisa wa polisi wa wilaya, Til Taylor, akafanya jambo moja: alichukua kofia ya Fletcher, akaikata vipande vipande, akaviuza kwa watazamaji, na fedha zote akampa Fletcher.

Nilitua hapo, nikamimina Tannat iliyobaki. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Mama Zabibu

Shikamooni wakubwa. Kaka Mkata Mbuga, nimesoma kwa utulivu ila naona wanaume watupu. Wanawake walikuwa jikoni?

Mkata Mbuga

Marahaba dada, na umenikumbusha vizuri. Hawakuwa jikoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipanda farasi wakorofi mbele ya umma wakilipwa, na Lucille Mulhall wa Oklahoma alirusha tanzi akiwashinda wanaume. Kilichowaondoa ni kifo cha Bonnie McCarroll. Mwaka 1929, pale pale Pendleton, alipanda farasi huku vikuku vyake vimefungwa pamoja chini ya tumbo la mnyama, mtindo uliotumika kwa wanawake ukidhaniwa unawasaidia. Farasi alipoanguka na kuinuka, mguu wake ulikwama. Alifariki siku chache baadaye. Badala ya kuondoa vile vikuku vya kufunga, waandaaji waliwaondoa wanawake. Ilibidi wajitegemee: mwaka 1948 walikutana San Angelo, Texas, wakaunda chama chao wenyewe, ambacho kipo hadi leo.

Na kama unataka mtu wa kumtafuta kwenye video, mtafute Charmayne James na farasi wake Scamper, mbio za mapipa. Mwaka 1985 kwenye fainali za taifa hatamu ilimtoka farasi kichwani mwanzoni mwa mbio. Hana cha kumwongozea. Scamper alizunguka mapipa yote matatu mwenyewe na wakashinda. Dada huyo alichukua ubingwa wa dunia mara kumi mfululizo, 1984 hadi 1993, na wa kumi na moja akauchukua 2002.

GLASI YA NNE: TEMPRANILLO YA TEXAS

Ya mwisho ni ya hapa hapa. Tempranillo ni mzabibu wa Hispania, jina lake linatokana na neno "mapema" kwa sababu huiva kabla ya wenzake. Hii imelimwa nyanda za juu kuzunguka Lubbock, kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua kali, usiku baridi, na usiku huo wa baridi ndio unaolinda uchachu. Rangi nyekundu ya matofali ukingoni, harufu ya ngozi na tumbaku kavu, kwa mbali vanila ya pipa la mwaloni. Ukakasi umekaa sawa, unakushika mkono bila kukuvuta. Mgeni mmoja alinusa akasema, "Hii inanuka tandiko." Sikumfundisha.

Ardhi ile ilikuwa ya Wakomanche, hodari wa farasi kuliko jeshi lolote lililotumwa kuwakabili. Baada yao likaja shamba la XIT, ekari milioni tatu, ambazo jimbo liliwapa matajiri kama malipo ya kujenga jengo la bunge pale Austin. Likazungushiwa seng'enge. Ng'ombe wakaondoka, pamba ikaja, na tangu miaka ya 1970 mizabibu imekuwa ikiingia kwenye mashamba ya pamba. Leo sehemu kubwa ya zabibu za Texas inatoka kule.

Kuna deni ambalo Ufaransa inadaiwa na Texas, na huwa nalisimulia kwa kila anayedhani mvinyo wa hapa ni wa juzi. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo jamii ya vidukari, filoksera, aliingia Ufaransa kutoka Amerika akaanza kula mizizi ya mizabibu. Mashamba yakafa wilaya kwa wilaya. T. V. Munson, mtaalamu wa zabibu wa mji wa Denison, Texas, aliwaelekeza Wafaransa kwenye mizabibu pori ya jimbo hili, ambayo mizizi yake imezoeana na mdudu huyo na haiogopi udongo wa chokaa. Wakabebesha mizabibu yao juu ya mashina hayo, kama tunavyobebesha michungwa Muheza. Mwaka 1888 Ufaransa ikampa Munson nishani.

Na rodeo ya leo? Ni kazi yenye chama na mikataba, na haki hizo hazikuja bure. Mwaka 1936 kauboi 61 waligoma Boston, kwa sababu fedha za zawadi zilikuwa ndogo na viingilio vyao havikuongezwa humo. Wakajiita Kasa, kwa vile walichelewa kuungana ila mwisho walitoa shingo nje. Myrtis Dightman akawa mweusi wa kwanza kufika fainali za taifa mwaka 1964, na Charlie Sampson akachukua ubingwa wa dunia wa kupanda mafahali mwaka 1982.

Machi hii nilipata kiti karibu na milango ya chuma. Kijana anashuka taratibu juu ya mgongo wa fahali, anakaza kamba kwenye kiganja, anaipiga ngumi iketi vizuri, anashusha kofia. Anatikisa kichwa mara moja. Mlango unafunguka. Sekunde 8 tu, mkono mmoja, wa pili ukimgusa mnyama umekosa. Kutoka pale nilisikia pumzi za fahali, na kitu kama gunia la mahindi likidondoka, kumbe ni yule kijana, sekunde ya sita. Aliinuka, akaokota kofia, akaipangusa kwenye paja, akaondoka bila kutazama nyuma.

Mkazi wa Hombolo

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho na nimejiona humu. Sisi Dodoma mizabibu tuliletewa na wamisionari Wakatoliki, Bihawana mpaka leo wanatengeneza divai. Na sisi Wagogo ng'ombe tunao tangu mababu. Shamba la mjomba wangu lina zabibu nyekundu za Makutupora, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zizi liko hatua hamsini kutoka kwenye mizabibu. Sijawahi kuviunganisha vitu hivi viwili kichwani. Hiyo País yako na Makutupora, ipi ina ukakasi zaidi?

Mkata Mbuga

Ndugu yangu wa Hombolo, umenipa glasi ya tano. Sitaki kukujibu kwa kukisia, nataka nizionje zikiwa mezani pamoja. Julai nakuja likizo, na chupa moja ya País nitaifunga katikati ya nguo. Wewe tafuta mbili za Makutupora, nyama nanunua mimi. Na mjomba ukimsalimia, muulize kama ataniruhusu nije alfajiri, wakati anapotenga ndama na mama zao. Nataka kuona anavyowatambua.